Kabla Hujafungua Giaboksi



Jioni hii nina Landrova moja kichwani. Ni 109 ya Series Three, ile ndefu ya bodi ya aluminiamu, ambayo wengi wenu mliipanda kwenda mnadani au zahanati na mkaanza kuujua mlio wake kabla haijatokeza kilimani. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Series Three zilianza kutoka kiwandani mwaka 1971, zikakoma mwaka 1985, na bado zipo zinazobeba mzigo leo. Hii ninayoisema ni ya mzee mmoja mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, kule chini kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Ndiyo inayompandishia magunia hadi Karatu, kwa njia ya vumbi na mawe inayochosha hata gari jipya.

Injini yake ya petroli, ya cc 2286, ilikuwa imefika mwisho. Inatoa moshi wa bluu, inakunywa petroli, na mlima unaishinda. Mzee akajikusanya, akanunua injini ya dizeli iliyotumika, 200Tdi iliyotoka kwenye Discovery. Ni injini nzuri, sina neno nayo: cc 2495, silinda nne, ina tabo, na ilianza kufungwa kwenye Discovery mwaka 1989. Wenye Landrova za zamani wanaipenda kwa sababu ni ya ukoo ule ule. Imezaliwa na injini zilizotokana na hiyo ya cc 2286, kwa hiyo mgongo wake unakaribia kabisa kukaa kwenye giaboksi ya Series. Unahamisha stadi chache, unarekebisha hapa na pale, inakaa. Na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa inakaa, fundi anaona kazi imekwisha.

Injini ikafungwa, ikawaka siku ile ile. Watu wakapiga makofi. Mzee akapanda, akakanyaga klachi, akavuta gia ya kwanza, gia ikagoma. Akalazimisha, ikalia. Rivasi ndiyo usiseme, ilikuwa inakwaruza hadi mtu unang'ata meno. Lakini ukizima injini, gia zote zinaingia bila shida, moja hadi nne, na rivasi.

Akapeleka gereji. Wakamwambia giaboksi imekufa, masinkro yameisha. Ikateremshwa, ikafunguliwa, vikabadilishwa vitu, ikarudishwa. Shida ile ile. Akaenda gereji ya pili, nako wakaifungua tena. Alipofika gereji kwetu, giaboksi ilikuwa imefunguliwa mara mbili na fedha ya msimu mzima wa vitunguu ilikuwa imekwenda. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia mkononi, hasemi.

Nilimuuliza swali moja tu. "Shikamoo mzee. Kabla ya kubadilisha injini, gia zilikuwa zinaingia?"

"Marahaba. Zilikuwa zinaingia vizuri tu, mwanangu. Ile ya pili ndiyo ilikuwa nzito kidogo asubuhi kukiwa na baridi, lakini tulikuwa tumezoeana."

Msikilizaji, naomba uyashike maneno hayo, kwa sababu yananiuma mpaka leo. Giaboksi ilikuwa nzima. Haikuguswa wakati wa kubadilisha injini, ilining'inia tu pale inapokaa siku zote. Kitu kizima hakiozi ndani kwa siku mbili kwa sababu jirani yake kahama. Kama gia zilikuwa zinaingia na injini ya zamani, na zinakataa na injini mpya, ugonjwa utafute pale vitu hivyo viwili vinapokutana. Uko kwenye klachi, kwenye vinavyoiamuru klachi, kwenye namna injini ilivyokaa. Giaboksi yenyewe iwe ya mwisho kabisa kuguswa.

Ngoja nieleze kwa wale wasiofungua magari. Injini inazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la chuma. Klachi pleti inabanwa kwenye flaiwili na presha pleti, na katikati ya hiyo klachi pleti inapita shafti ya kuingia giaboksi. Ukikanyaga pedeli, presha pleti inaachia, klachi pleti inabaki huru, na shafti inapungua mwendo hadi inasimama. Hapo ndipo gia inaingia kwa amani. Klachi isipoachia yote, mafundi wanasema klachi haikati. Mguu uko sakafuni lakini shafti bado inazunguka. Gia ya kwanza inagongana na kitu kinachokimbia. Rivasi inalia zaidi, kwa sababu kwenye giaboksi nyingi za zamani haina sinkro ya kuipatanisha na mwendo huo.

Kwa hiyo dalili ya mzee ilikuwa imeshajieleza. Injini imezimwa, gia zinaingia: maana yake uma za gia, reli zake na leva yake ni vizima. Injini inawaka, gia zinakataa: maana yake shafti inazunguka wakati haitakiwi. Masinkro hayahusiki hapo. Sinkro iliyoisha ingemsumbua akiwa barabarani anabadilisha kutoka ya tatu kwenda ya pili, na isingemzuia kuingiza ya kwanza gari likiwa limesimama, akikanyaga klachi na kusubiri kidogo.

Tulifanya jaribio ambalo mtu yeyote mwenye jeki na stendi imara anaweza kulifanya. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele. Inua ekseli ya nyuma, iketi kwenye stendi, usiiache juu ya jeki. Kwenye Series hakikisha ile leva ya kifundo cha njano iko juu, ili gari livute kwa nyuma tu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi, ingiza gia ya kwanza, kisha washa mguu ukiwa bado sakafuni. Klachi inayokata vizuri, magurudumu ya nyuma yatatulia, au yatajizungusha kwa ulegevu na kusimama ukigusa breki kidogo. Ya mzee yalizunguka kama gari linakwenda sokoni. Ukigusa breki, injini inalemewa. Jibu likawa mezani, na hatukuwa tumefungua hata nati moja.

Baada ya hapo linakuja swali la pili: klachi haikati kwa sababu haisukumwi vya kutosha, au inasukumwa lakini kuna kitu ndani kimeshika? Kanyaga pedeli mara tatu nne za harakaharaka, halafu jaribu gia. Zikiingia vizuri kuliko mwanzo, tatizo liko kwenye masta, paipu, au upepo ulioingia kwenye mafuta. Zisipobadilika, anza kuwaza ndani.

Hapa kwenye masta nikae kidogo, kwa sababu ndipo magari mengi yaliyobadilishwa injini yanapougulia, hata kama la mzee halikuugulia hapo. Masta ya juu, ile ya kwenye pedeli, inasukuma mafuta kwenda masta ya chini, ile ya kwenye giaboksi, na ya chini inatoa kijiti kinachosukuma uma wa klachi. Upana wa masta hizi mbili ndio unaoamua kijiti kitatoka kiasi gani. Chukua mfano. Ya juu ni ya inchi robo tatu, yaani milimita 19. Ya chini ni ya milimita 22. Ukisukuma ya juu milimita 30, kijiti cha chini kinatoka kama milimita 22. Sasa mtu amekwenda dukani, amekosa ya saizi hiyo, akauziwa ya chini ya inchi nzima, milimita 25. Inaingia kwenye skrubu zake bila shida. Pedeli inakuwa laini, dereva anafurahi. Lakini kijiti sasa kinatoka milimita 17 tu, na milimita tano zilizopotea ndizo zilizokuwa zinaitenganisha klachi. Fundi atatoa upepo asubuhi hadi jioni, upepo haupo. Kwa hiyo injini inapobadilishwa na presha pleti ikabadilika nayo, soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa masta zote mbili kabla hujalaumu kitu kingine.

Paipu la mpira nalo, likizeeka, linavimba kila unapokanyaga na kula nguvu ya mguu wako. Likamate kwa mkono mwenzako akikanyaga, utalisikia. Mwambie huyo mwenzako akanyage tena, safari hii ukitazama ukuta wa chuma ambako pedeli imefungwa. Kwenye magari ya zamani ukuta huo huwa umepasuka au umelegea, unakwenda mbele pamoja na mguu. Halafu tazama puli ya krenkshafti mbele ya injini. Ikionekana kwa macho inasogea mbele kila klachi inapokanyagwa, injini uliyouziwa ina ugonjwa wake, washa za kuzuia krenkshafti zimelika, na hilo ni jambo la kurudi kwa aliyekuuzia. Na mafuta ya klachi ni mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4. Nimeona watu wakijazia oili ya injini kwa sababu chupa ilikuwa karibu. Siku chache baadaye mipira yote ya masta imevimba, na hakuna kinachofanya kazi.

Kwa mzee, tulipiga mstari wa chaki kwenye kijiti cha masta ya chini, tukakanyaga, tukapima kwa rula. Kinatoka vizuri. Tukapampu pedeli, hakuna mabadiliko. Basi, kitu kimeshika ndani.

Ndani kuna mambo kadhaa. Klachi pleti inaweza kuwa imefungwa kinyume, kitovu chake kikagusa boliti za flaiwili. Nyingi zina maandishi ya kuonyesha upande wa flaiwili, watu hawasomi. Inaweza kuwa imepinda, kwa sababu wakati wa kuunganisha uzito wa giaboksi uliachiwa ukaning'inia kwenye shafti badala ya kubebwa na jeki au mikono ya watu. Dakika moja ya kuning'inia hivyo inatosha. Meno ya katikati yanaweza kuwa na kutu, ikagoma kuteleza juu ya shafti. Na wenye giaboksi ya gia tano ya LT77, uma wa klachi una tabia ya kutobolewa na ule mpira wa chuma unaouegemea, ukazama taratibu. Unakanyaga, kijiti kinatoka, lakini beringi ya klachi haifiki. Ukiwa umeshafungua, weka uma ulioongezewa bati, usirudishe wa zamani hata kama unaonekana mzima.

Tukaivuta injini mbele. Klachi pleti ilikuwa sawa, upande sawa, meno safi. Fundi mwenzangu akaingiza kidole katikati ya flaiwili, akakitoa kina unga wa rangi ya dhahabu.

Nyuma ya krenkshafti kuna tundu, na ndani yake bushi ndogo ya shaba nyeusi. Ncha ya shafti ya giaboksi inaingia humo na kuegemea. Ni kitu kidogo kuliko kidole gumba. Kazi yake ni kuiachia shafti isimame wakati krenkshafti inaendelea kuzunguka. Bushi hiyo ilikuwa mpya, mtu alikuwa na nia njema. Lakini aliipigilia kwa nyundo, na bushi ikipigiliwa kwenye tundu linalobana, tundu lake la ndani nalo linapungua. Ncha ya shafti iliingia kwa nguvu, ikashikana na bushi. Kuanzia hapo klachi ilikuwa inakata kila mara mzee anapokanyaga, kama inavyotakiwa, lakini krenkshafti ilikuwa inaizungusha shafti kupitia bushi, kwa njia ya uchochoroni. Ndiyo maana pedeli ilikuwa nzuri na gia zinalia. Giaboksi imefunguliwa mara mbili kwa ajili ya bushi inayokaa kiganjani.

Tulipeleka bushi mpya kwa fundi mkerezaji. Aina hii ya bushi inakunywa oili, kwa hiyo tulikuwa tumeilaza usiku mzima kwenye oili ya injini. Tukaiingiza taratibu kwa kipande cha chuma kilichochongwa kwa saizi ya ncha ya shafti, si kwa nyundo uchi, ili isijifinye. Ncha ya shafti ikasuguliwa hadi ikang'aa. Kisha, kabla ya kuunganisha chochote, tukaijaribu kwa shafti ya zamani iliyokuwa kwenye sanduku: iingie kwa mkono, izunguke kwa vidole, isicheze. Jaribio hilo ni la dakika moja. Naliomba kwa kila fundi anayenisikiliza.

Hatukuondoka kwenye mgongo wa injini hapo hapo. Kuna pini mbili za kuongoza, zinazoifanya giaboksi ikae katikati ya krenkshafti. Injini iliyofunguliwa kwa haraka huja bila pini, au na moja, na boliti peke yake haiwezi kuweka katikati. Giaboksi iliyokaa pembeni hata kwa kiasi usichokiona inaitesa shafti kila mzunguko, na baada ya muda gia ya nne inaanza kujitoa yenyewe. Wanaounga kwa bamba la katikati, kwa mfano waliotoa injini ya petroli kwenye Land Cruiser na kuweka dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, wana kazi kubwa zaidi hapa. Bamba likiwa nene mno, ncha ya shafti haifiki kwenye bushi. Likiwa jembamba, shafti inagota kwenye krenkshafti. Dai kupimiwa kwa saa ya kupimia, usikubali "iko sawa" ya macho.

Gia inayojitoa yenyewe inanitisha kuliko inayogoma. Anayeteremka kwenda sakafu ya Ngorongoro, au Kitonga akiwa na mzigo, akategemea gia ya pili imzuie, halafu gia ikaruka ikawa huru, anabaki na breki peke yake. Kabla hujaogopa ndani ya giaboksi, tazama sakafu ya gari. Injini mpya ikiwekwa kwenye mauntini za kuunga, giaboksi inahama: imeinuka kidogo, imerudi nyuma kidogo. Leva sasa inagota kwenye ukingo wa tundu la sakafu. Gia zinazoingia kwa kuvuta leva nyuma, ya pili na ya nne, haziingii hadi mwisho, na gia iliyoingia nusu itatoka siku ya mteremko. Ondoa mpira wa leva, ingiza gia zote ukichungulia. Halafu mwombe mtu akanyage moto huku injini inavuta kidogo, uone injini inavyojipinda kwenye mauntini. Ikijipinda na leva ikafuata hadi kugonga bati, umeshapata ulichokuwa unakitafuta, na tiba yake ni mauntini na msumeno.

Oili nayo niiseme kwa ufupi. Giaboksi ya Series inataka oili ya gia ya 90, daraja la GL-4. Ile ya GL-5 ni ya difu. Ni kali kwa vyuma vya njano, na inaweza kuzifanya sinkro ziteleze badala ya kushika. LT77 inatumia ATF, ile nyekundu ya otomatiki. Ukiweka nzito ya 90 humo, asubuhi ya baridi gia ya pili itakuwa ugomvi. Na kwa gari la otomatiki, kama Discovery yenye ZF ya gia nne, kuna waya unaotoka kwenye pampu ya mafuta ya injini kwenda giaboksi. Injini ikibadilishwa waya huo usipowekwa kwa kipimo, gari litabadilisha gia mapema au kuchelewa, na watu watauza otomatiki nzima kwa sababu ya waya.

Jambo jingine ni mkono wa dereva mwenyewe, na nilimweleza mzee kabla hajaondoka. Petroli yake ya zamani ilikuwa na nguvu za farasi kama 70. Hii dizeli ina 111, na msukumo wake unakuja chini kabisa, kwenye mizunguko 1800, tena ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa zamani. Giaboksi ni ile ile ya miaka ya sabini. Usiilazimishe ivute mlima kwa gia ya nne ikitetemeka. Shuka gia mapema. Pia dizeli haipunguzi mizunguko haraka kama petroli ukiinua mguu. Aliyezoea kubadilisha kwa haraka atasikia mkwaruzo mdogo na kudhani gari limeharibika. Aipe nusu sekunde. Wazee walioendesha zile Series Two zisizo na sinkro kwenye gia ya kwanza na ya pili, waliokuwa wanakanyaga klachi mara mbili, hawatapata tabu hata kidogo.

Tulimaliza jioni. Mzee aliwasha mwenyewe, akakanyaga, akaingiza ya kwanza. Kimya. Akaingiza rivasi. Kimya. Akarudia mara nyingi, kama mtu anayehesabu fedha alizodhani amezipoteza. Hakutuaga kwa maneno mengi, alitushika mikono tu.

Wiki moja baadaye alinipigia simu alfajiri kutoka Mang'ola. Nikashtuka. Akaniambia magunia yamefika Karatu, mlima ameupanda bila kusimama, gia zote zinaingia.

"Ila ile ya pili," akasema, "asubuhi hii imekuwa nzito kidogo."

Nikamuuliza kama inalia. Akasema hailii, ni nzito tu hadi ipate moto. Kisha akacheka, mara ya kwanza namsikia anacheka.

"Ni yenyewe, mwanangu. Hii ndiyo giaboksi yangu."